Sakiti au pakiti, nani anafika kwanza? Na hiyo k−1 imetoka wapi?

Swali: "Habari yako mtaalamu. Niko Kakamega, nasomea diploma ya ICT. Kuna swali linarudi rudi kwa mitihani ya nyuma: ujumbe wa biti x unapitia hopu k, kila laini ina spidi b, sakiti inachukua sekunde s kuungwa, pakiti ni ya biti p, kila hopu ina sekunde d za kusafiri, na mtandao hauna msongamano. Ni wakati gani pakiti inamaliza kabla ya sakiti? Jibu nimeliona, ati s iwe kubwa kuliko (k−1)p/b, lakini mbona k−1 na si k, hapo sijaelewa hata kidogo. Halafu kama pakiti ndio haraka, mbona simu ya kawaida husikika vizuri kuliko ile ya WhatsApp?"

Salama kijana wangu, na asante kwa kuuliza hiyo k−1, manake wengi huikariri tu wakaenda nayo kwa mtihani, swali likigeuzwa kidogo wanabaki wameduwaa. Kwa msomaji mwingine aliyeingia sasa hivi: sakiti ni kushikiwa njia nzima mwanzo mpaka mwisho kabla hujatuma chochote, pakiti ni ujumbe kukatwa vipande na kila kipande kinaenda na anwani yake bila kushikiwa njia. Ntajibu yote mawili lakini la kwanza litachukua nafasi kubwa, la simu tutalifikia ukishaona hiyo fomula imeficha nini.

Wacha tutumie barabara unayoijua. Kompyuta yako iko Kakamega, unatuma faili Nairobi, na tuseme (si ati ndio ramani ya kampuni yoyote, ni ya kupigia hesabu tu) njia inapita Kisumu, Kericho, Nakuru, Naivasha, kisha Nairobi. Hesabu laini zenyewe: Kakamega mpaka Kisumu moja, Kisumu mpaka Kericho mbili, Kericho mpaka Nakuru tatu, Nakuru mpaka Naivasha nne, Naivasha mpaka Nairobi tano. Hizo ndio hopu, k ni 5. Sasa hesabu miji ya katikati, ile iko na ruta ya kupokea na kutuma tena: Kisumu, Kericho, Nakuru, Naivasha. Nne. Hiyo ndio k−1 yako. Ningeweza kuachia hapo lakini ukikubali tu bila kuona venye muda unaliwa, kesho kutwa utakuwa umesahau.

Kwanza kuna muda wa aina mbili hapa na watu huuchanganya sana. Kuna muda wa kusukuma biti zitoke kwa mashine ziingie kwa waya, huo unategemea spidi ya laini na ukubwa wa mzigo: biti milioni 2 kwa laini ya megabiti 2 kwa sekunde ni sekunde 1 nzima, hata kama waya wenyewe ni wa mita tatu. Halafu kuna muda wa biti kusafiri ndani ya waya mpaka upande ule mwingine, na huo haujali faili ni kubwa kiasi gani wala umenunua bando gani, unajali umbali tu. Ndani ya faiba mwanga hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kila kilomita ni kama mikrosekunde 5, kwa hivyo tukisema njia yetu ni kilomita 400 hivi, safari nzima ni milisekunde 2. Mbili tu! Hiyo ndio kd, na uione vizuri, iko sawa kwa sakiti na kwa pakiti, manake waya ni ule ule na mwanga haujui umetumwa na nani. Ndio maana ukilinganisha inajifuta pande zote mbili na d haionekani kabisa kwa jibu la mwisho.

Sasa sakiti. Hapa kabla hujatuma hata biti moja, ombi linatoka Kakamega, linapita kila kituo likishika nafasi, mpaka Nairobi, halafu jibu linarudi kukuambia njia iko tayari. Muda wa hiyo shughuli yote ndio s. Wazee waliotumia simu za waya walikuwa wanaisikia s kwa masikio yao, unazungusha namba, kimya, vibofyo kadhaa, ndio ianze kuita upande ule mwingine, na kabla ya eksichenji za kujiendesha s ilikuwa ni mtu mzima ameketi mbele ya ubao anachomeka waya kwa mkono. Lakini njia ikishaungwa, kwisha, hakuna anayeuliza mwenzake kitu. Biti ikifika Kisumu inapitishwa hivyo hivyo, haiwekwi kando kungoja wenzake, haisomwi anwani, inapita. Kwa hivyo jumla ni s, ongeza x/b ya kusukuma ujumbe mara moja tu pale Kakamega, ongeza kd. Hakuna cha ziada.

Kwa pakiti huna s. Unaanza kutuma saa hiyo hiyo. Lakini ruta ya Kisumu ikipokea pakiti haianzi kuitoa hapo hapo, inangoja pakiti nzima iingie mpaka biti ya mwisho, na iko na sababu: kwa Ethernet (mtindo wa kawaida wa kuunganisha mashine kwa waya) ile namba ya kukagua kama kuna biti imeharibika njiani huwekwa mwisho kabisa wa fremu, yaani ile bahasha inayobeba pakiti, sasa utakaguaje kitu ambacho mkia wake bado uko njiani? (Kuna swichi zingine za data senta huanza kutoa zikishasoma anwani tu bila kungoja mkia, lakini kwa swali lako hizo hazipo, usizilete.) Kwa hivyo kila ruta ya katikati inaisukuma pakiti upya kwa laini inayofuata, na kusukuma pakiti moja ya biti p kunachukua p/b.

Sasa mtu wa haraka anasema, basi tuseme faili limekatwa pakiti 800 na ziko ruta nne, si ni kungoja mara 3,200? Hapana. Ushaona mjengo mafundi wamepanga mstari wanapokezana matofali kuelekea juu. Wa pili akiwa anapitisha tofali la kwanza kwa wa tatu, wa kwanza ashainamia la pili, kila mtu ana tofali mkononi wakati mmoja, na kazi inaenda kwa mwendo wa kurusha tofali moja, watu wawe watano au kumi. Rutani ni hivyo hivyo, Nakuru inasukuma pakiti ya kwanza wakati Kericho inasukuma ya pili na Kisumu ya tatu. Kungoja kunafanyika sambamba, hakujumlishwi.

Kwa hivyo siri ni hii: usifuate pakiti zote, fuata ile ya mwisho peke yake, manake ujumbe hauhesabiwi umefika mpaka hiyo ifike. Biti ya mwisho kabisa inatoka Kakamega lini? Sekunde x/b baada ya kuanza, kwa sababu zilizotangulia zote lazima zitoke kwanza. Angalia hapo vizuri, kwa hiyo x/b tayari kuna ile kusukumwa kwa pakiti ya mwisho kwa hopu ya kwanza. Imeshahesabiwa. Kinachobaki ni isukumwe tena Kisumu, p/b, tena Kericho, p/b, tena Nakuru, p/b, tena Naivasha, p/b. Mara nne. Ukiandika k badala ya k−1 utakuwa umeihesabu Kakamega mara mbili. Na ukitaka kujihakikishia ukiwa kwa chumba cha mtihani umechanganyikiwa, weka k = 1, yaani kompyuta mbili zimeungwa na waya mmoja bila ruta yoyote katikati: kwa k−1 unapata x/b ongeza d, sawa kabisa, lakini ukitumia k utapata p/b ya ziada ambayo hakuna mahali ingetokea, ruta iko wapi?

Basi pakiti ni x/b ongeza (k−1)p/b ongeza kd, sakiti ni s ongeza x/b ongeza kd, ondoa vinavyofanana, unabaki na s upande mmoja na (k−1)p/b upande mwingine. s ikiwa kubwa, pakiti inashinda. Ni hivyo tu.

Tuweke namba tuone. Faili ni megabaiti 1, yaani biti milioni 8, laini zote ni megabiti 2 kwa sekunde, pakiti ni biti 10,000, s ni nusu sekunde. Sakiti inachukua 0.5 na 4 na 0.002, jumla sekunde 4.502. Pakiti ni 4, halafu mara nne za milisekunde 5 ambazo ni 0.02, halafu 0.002, jumla 4.022. Pakiti imeshinda kwa karibu nusu sekunde, na hiyo nusu sekunde ni s yenyewe ikipunguzwa kidogo, hakuna muujiza mwingine hapo. Hakuna biti iliyokimbia kuliko nyingine.

Linganisha na ule mtindo wa tatu ambao walimu hupenda kuuchomeka, ujumbe mzima kutumwa bila kukatwa, kila kituo kinangoja faili lote liingie ndio kianze kulitoa. Hapo ni 4 mara 5, sekunde 20 na kitu. Laini zile zile, ruta zile zile, faili lile lile, tofauti ni kukata vipande tu. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo tamu zaidi kwa mada hii yote kuliko hata hiyo ya sakiti, na vitabu hulipitia haraka haraka. Ile faida ya pakiti kimahesabu ni kwamba laini ya Nakuru haikai bure ikingoja Kakamega imalize.

Sasa jaribu kuharibu. Fanya pakiti ziwe kubwa, biti milioni 1 kila moja, yaani faili lina vipande 8 tu. Kusukuma moja ni nusu sekunde, mara nne ni sekunde 2, jumla pakiti inafika kwa 6.002 na sakiti imeshamaliza zamani kwa 4.502. Kwa hivyo mtu akikuambia pakiti ni haraka siku zote, muulize pakiti ya ukubwa gani.

Basi tukate ndogo kabisa? Hapa ndipo fomula ya mtihani wako inanyamaza. Kila pakiti lazima ibebe heda, anwani ya kwenda na ya kutoka na mambo mengine, na kwa intaneti ya kawaida heda ya IP (ile inayobeba anwani) ni baiti 20 na ya TCP (ile inayohakikisha kila kipande kimefika) baiti 20, jumla 40, ambazo ni biti 320, hizo ni za chini kabisa. Sakiti haina huo mzigo, njia ilishaungwa, anwani ya nini? Kwa mfano wetu wa kwanza, pakiti 800 mara biti 320 ni biti 256,000 za ziada, sawa na sekunde 0.128, pakiti inapanda mpaka 4.15 hivi, bado inashinda. Lakini ukikata vipande vya biti 80, kila biti 80 za faili zinabeba biti 320 za heda, mzigo umekuwa mara tano, na unarudi kwa sekunde 20 na kitu, pale pale palipokuwa na ule mtindo wa kutokata kabisa! Umekata sana mpaka umerudi ulikotoka.

Kuna ukubwa mzuri katikati na unaweza kuutafuta kwa hesabu ya kidato cha nne na kidogo, ukitofautisha unapata p ni kipeuo cha pili cha hx/(k−1), h ikiwa heda. Kwetu unapiga 320 mara milioni 8, unagawa kwa 4, ndio utoe kipeuo, inatoka kama biti 25,300, baiti 3,160 hivi, na muda unakuwa 4.10. Umeokoa sekunde 0.05 tu kulinganisha na biti 10,000, kwa hivyo usikose usingizi juu ya hiyo, mkunjo uko bapa hapo katikati. Na hata ungetaka hizo 3,160, fremu ya kawaida ya Ethernet hubeba baiti 1,500 mwisho, huendi zaidi ya hapo bila kubadilisha mipangilio ya vifaa vyote njiani.

Heda inaleta jambo lingine ambalo wanafunzi hushangaa nalo. s hulipwa mara moja tu, faili liwe dogo au kubwa, lakini heda hulipwa kwa kila pakiti. Kwa hivyo faili likikua, sakiti inaanza kurudi kwa mchezo. Kwa namba zetu, ukifika karibu megabaiti 3.7 zinafungana. Megabaiti 100, sakiti inamaliza kwa sekunde 400.5 na pakiti kwa 412.8. Yaani kwa mzigo mkubwa wa mfululizo, njia ikiwa yako peke yako mwanzo mpaka mwisho, sakiti ndio bora. Ujumbe mfupi mfupi wa hapa na pale, pakiti. Na kompyuta huongea hivyo, zinatuma kidogo, zinanyamaza, zinatuma kidogo, na ndicho kitu kilimsumbua Donald Davies pale maabara ya taifa ya fizikia Uingereza mwaka 1965 mpaka akafika kwa wazo la kukata ujumbe vipande. Paul Baran wa shirika la RAND huko Marekani alikuwa amefika hapo kwa njia nyingine miaka ya mwanzo ya 60, yeye alikuwa anawaza mtandao wa kijeshi ambao ukipigwa vituo kadhaa bado unaongea. ARPANET, ule mtandao wa Marekani uliozaa intaneti, ikatuma ujumbe wake wa kwanza Oktoba 1969.

Lakini udanganyifu mkubwa wa hilo swali la mtihani (si udanganyifu mbaya, ni wa kurahisisha) ni hiyo b. Linachukulia kwamba sakiti na pakiti zote zinapewa b moja. Kwa maisha ya kweli haiko hivyo. Chukua laini ya E1, ile ya simu ambayo sisi huku na Ulaya ndio tumetumia miaka mingi: ni megabiti 2.048 kwa sekunde, imegawanywa nafasi 32 za kilobiti 64, moja ya kupatanisha saa, moja ya ishara, 30 za watu kuongea. Ukiunga sakiti unapewa nafasi moja. Moja tu. Wenzako 29 wawe wamelala, wewe bado uko na kilobiti 64, huwezi kuguza zao. Faili letu la megabaiti 1 hapo ni biti milioni 8 gawa kwa 64,000, sekunde 125. Dakika mbili na zaidi. Kwa laini ile ile ikitumika kwa pakiti, na ukiwa peke yako, unachukua yote, unamaliza kwa sekunde 4 hivi. Hii tofauti ya 125 na 4 ndio iliyoua sakiti kwa data, si ile nusu sekunde ya s. Hiyo s tunaipigia kelele kwa sababu inaingia vizuri kwa fomula.

Na kwa laini za siku hizi hata p/b yenyewe imekuwa kitu kidogo sana. Kwa laini ya gigabiti 1, pakiti ya baiti 1,500 inasukumwa kwa mikrosekunde 12, ruta nne ni mikrosekunde 48, hata kd ya milisekunde 2 inaizidi mara 40. Hapo s ya aina yoyote ya maana inashindwa tu.

Upande wa pili wa hiyo sarafu ni foleni. Swali lako limesema wazi mtandao hauna msongamano, na hilo neno usilipite, mtahini ameliweka makusudi. Kwa pakiti hakuna aliyekushikia nafasi. Ukifika Nakuru ukakuta pakiti za watu wengine, unapanga foleni. Kwa hesabu ya kawaida ya foleni, ile ya pakiti kuja bila mpango na ukubwa kutofautiana, muda pakiti inakaa kwa ruta ni muda wa kuisukuma ukigawa kwa sehemu ya laini iliyobaki wazi. Milisekunde 5 zetu: laini ikiwa imejaa nusu zinakuwa 10, ikijaa asilimia 90 zinakuwa 50, ikijaa asilimia 99 zinakuwa 500, nusu sekunde kwa kituo kimoja. Unaona mwendo wake, haupandi polepole, unalala unalala kisha unaruka. Na ikizidi uwezo kabisa ruta inatupa pakiti, TCP inalazimika kutuma tena. Na kwa hali hiyo usitarajie kupata b yote pia, kilichobaki ndicho chako. Sakiti haina hilo tatizo, ukishaunganishwa umeunganishwa, muda wako ni ule ule mwanzo mpaka mwisho. Shida yake inakuja mlangoni: nafasi 30 zikijaa, mtu wa 31 hapati polepole, hapati kabisa, na kwa fomula yako s yake ni ya milele. Ukiulizwa swali la maelezo bila hesabu, andika hii tofauti kabla ya kitu kingine chochote, kwamba sakiti ikizidiwa inakataa watu na pakiti ikizidiwa inachelewesha watu.

Kitu kingine kidogo nisikiache. Si kweli sana kwamba pakiti haina kuunga. Ukifungua tovuti, TCP inasalimiana kwanza, ombi linaenda, jibu linarudi, ndio data ianze, hiyo ni safari moja ya kwenda na kurudi imepotea, halafu kama tovuti ina usalama wa TLS 1.3 ongeza safari nyingine moja, TLS 1.2 ni mbili. Ukiwa Kisumu na seva iko Nairobi hiyo si neno. Seva ikiwa London, ambako pakiti zinashuka mpaka Mombasa na kuingia baharini, kila safari ya kwenda na kurudi ni zaidi ya milisekunde 100, na hapo salamu peke yake zinaanza kufanana na s yetu ya nusu sekunde. Tofauti ni kwamba hizo salamu ni za ncha mbili tu, Nakuru na Naivasha hazijashikilia chochote kwa jina lako, ukinyamaza dakika tano hujamnyima mtu nafasi.

Haya, WhatsApp. Sauti ya simu ya kawaida tangu zamani huchukuliwa sampuli 8,000 kwa sekunde, biti 8 kila moja, ndio hizo kilobiti 64 za nafasi moja ya E1. Kwa sakiti kila sampuli ina nafasi yake kila mikrosekunde 125, inaingia na kutoka kama saa. Kwa pakiti huwezi kutuma sampuli moja moja, ungekufa na heda, kwa hivyo programu inakusanya sauti ya milisekunde 20 kwanza. Kwa kilobiti 64 hiyo ni baiti 160, na heda za hapo ni 20 za IP, 8 za UDP na 12 za RTP (hizi mbili ndizo hutumika kwa sauti badala ya TCP), baiti 40 juu ya 160. Kwa hivyo ushachelewa milisekunde 20 kabla hujatoka nyumbani. Halafu pakiti moja inapita foleni kwa milisekunde 30, inayofuata kwa 90, inayofuata kwa 40, na upande wa kupokea hauwezi kucheza sauti kwa mirukoruko hiyo, unaziweka kando kidogo zijipange ndio zichezwe, ucheleweshaji mwingine huo. Iliyochelewa kupita kiasi inatupwa, ndio unasikia mtu anakatika "ha… lo… nasema…". Wataalamu wa simu wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, hupendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, ukipita hapo watu wanaanza kukatizana maneno. Kwa faili hakuna anayejali pakiti ya tano ikichelewa, muhimu ni ya mwisho imefika lini. Kwa sauti kila pakiti ni ya mwisho. Kwa hivyo swali lako la pili halipingani na la kwanza, yanapima vitu tofauti, moja linapima jumla, lingine linapima kila kipande.

Na kuna kitu unaweza kuona mwenyewe leo. Weka simu kwa 4G, piga simu ya kawaida, angalia ile alama juu ya skrini. Kwa simu zingine, hasa za bei ya chini, 4G inaondoka inakuwa 3G au H au hata E, kisha ukikata baada ya muda inarudi. Hiyo ni kwa sababu 4G haina sakiti kabisa, ni pakiti mwanzo mwisho, kwa hivyo ikitaka sakiti ya sauti inakushusha kwa mtandao wa zamani ambao bado uko na sakiti, na hiyo kushuka inaongeza s, ndio ule ukimya mrefu kabla haijaanza kuita. Kama alama imebaki 4G, basi simu yako na mtandao wako wanatumia VoLTE, yaani sauti kupitia 4G yenyewe, na hapo hakuna sakiti tena, hata hiyo simu ya kawaida unayoisifu ni pakiti tupu. Inasikika vizuri kwa sababu mnara umeipa sauti njia yake iliyotengewa kiwango, inayotakiwa kupitisha pakiti ndani ya milisekunde 100, wakati ya WhatsApp inapita kwa data ya kawaida, foleni moja na video anayotazama jirani yako.